Aliyekosea Ubaoni

Asubuhi Othaya, ukungu huchelewa kuamka kuliko watu. Wakonyo aliingia katika shamba lake la chai akiwa kama mtu anayetembea usingizini. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Vidole vilichuma, na kinywa kikaimba wimbo wa Moffat Mutahi.

Miaka ile, kumi hivi baada ya uhuru, nani hakumpenda Moffat? Akipiga gitaa, hata mzee mwenye goti bovu alilisahau goti lake. Hezekiah, mume wa Wakonyo, alikuwa na santuri zote za Moffat, na ole wako uziguse.

Lakini asubuhi hiyo Wakonyo alinyamaza katikati ya wimbo. Alikuwa amemkumbuka Mwalimu Khavere.

Khavere alitoka Maragoli, magharibi mwa nchi. Alifundisha watu wazima kusoma na kuandika, katika jengo la kanisa. Wakonyo alikuwa mwanafunzi wake, na rafiki yake pia. Jumamosi iliyopita walikwenda pamoja uwanjani kumsikiliza Moffat. Kati ya nyimbo mbili Moffat alisema, "Hawa watu wa magharibi wamejaa hapa kwetu! Wanajua kula tu. Warudi kwao!"

Uwanja mzima ulicheka. Wakonyo alicheka mpaka akashika mbavu. Alipogeuka, Khavere alikuwa akimtazama. Alifunga upya kitambaa chake cha kichwa, akaenda zake.

Wiki hiyo watu walibishana kila mahali. Jirani mmoja alivunja santuri za Moffat kwa shoka. Wengine walisema ati alikuwa amelewa, aachwe. Kisha Alhamisi Moffat mwenyewe akasema redioni, "Kama kuna mtu aliudhika, pole. Ulikuwa mzaha."

"Umesikia?" Hezekiah alimwambia mkewe. "Amesema pole. Hiyo maneno imeisha."

Wakonyo alifurahi. Alitaka sana iwe imeisha.

Sasa, katika ukungu, alisikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Bwana Munyao, mfanyakazi wa maendeleo ya jamii, akipeleka chaki kanisani.

"Mama Theuri, mmemfanya nini mwalimu wenu?" alimuuliza Wakonyo. "Niko na barua yake hapa. Anaomba uhamisho."

Wakonyo aliacha kuchuma. "Ati anaenda? Na Moffat ameshaomba msamaha kwa redio!"

"Wewe mtu akikukanyaga, anakuuliza kama umeumia? Si anatoa mguu kwanza?"

"Anatoa."

"Basi. Anayeomba msamaha anataja kosa yake. Hasemi 'kama'. Hasemi ulikuwa mzaha. Na anaisema mbele ya wale walisikia." Munyao aliegemeza baiskeli yake. "Wewe ulicheka?"

Wakonyo alichuma jani moja gumu, lisilofaa kitu.

"Mimi ni Mkamba, mgeni hapa pia," Munyao alisema polepole. "Hayo mambo nayajua. Moffat anaishi Nairobi, mwalimu hamjui. Wewe anakujua. Kicheko yako ndiyo alienda nayo nyumbani."

Wakonyo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Darasani kwenu," Munyao aliendelea, "mtu akikosea ubaoni, nani anafuta?"

"Ni yeye mwenyewe. Mwalimu hakubali mwingine amfutie."

"Na wewe unangoja Moffat akufutie?"

Alasiri hiyo darasa lilijaa. Khavere alifundisha bila kutabasamu, na sauti yake ilitoka mbali, kama redio ya nyumba ya pili. Wakonyo alisimama bila kuitwa. Alichukua chaki akaandika polepole: *Nilicheka.*

Akawageukia wenzake.

"Jumamosi Moffat alitukana watu wa kwao mwalimu. Mimi nikacheka, na mwalimu alikuwa hapo kando yangu. Haikuwa mzaha. Ni mimi nilikosa." "Mwalimu, nisamehe. Siku ingine nikisikia maneno kama hiyo, sitacheka. Nitasema hapana."

Kisha Ngendo, mke wa fundi viatu, aliinuka. "Hata mimi nilicheka," alisema. Akafuata Wamae. Akafuata Kabura. Walisimama nusu ya darasa.

Khavere alitazama nje. Ukungu ulikuwa umeanza kurudi mashambani, mweupe, bila haraka.

"Mimi nilifikiri niko na marafiki hapa," alisema. "Siku sita sijalala vizuri."

Akafuta macho kwa kitambaa chake. Kisha akamgeukia Munyao, aliyekuwa ameketi karibu na mlango.

"Bwana Munyao, hiyo barua yangu umepeleka?"

"Bado iko kwa mfuko."

"Nirudishie."

Moffat aliporudi Othaya mwaka uliofuata, alianza tena mzaha wake wa makabila. Hakuna aliyecheka. Hezekiah, yule wa santuri, ndiye aliyepaza sauti: "Imba, bwana! Hayo mengine hatutaki!"

Lakini hayo ni ya baadaye. Alasiri ile Khavere aliikunja barua yake, akaitia mfukoni. Akachukua dasta mezani, akampa Wakonyo.

"Sasa futa, Mama Theuri," alisema. "Tuendelee na somo."