Gia Zilizotazama Ukuta

Kila asubuhi Kazungu alimbeba mwanawe Fadhiya kwa baiskeli, kutoka Kibokoni hadi shuleni Ganjoni. Fadhiya alikuwa na miaka tisa. Aliugua akiwa mdogo, na miguu yake ikabaki dhaifu. Alitembea kwa magongo, lakini si mwendo mrefu. Kwa hiyo aliketi nyuma kwenye keria, juu ya mto alioshona mama yake, Mejumaa. Magongo yalifungwa ubavuni.

Kazungu naye hakuwa mzima. Zamani alipakia mizigo bandarini Kilindini, mpaka siku mzigo ulipomponda goti. Tangu hapo hakuna aliyemwita kazini. Kazi iliyombakia ilikuwa hiyo moja, kumpeleka mtoto shule na kumrudisha, na aliifanya kwa moyo wote.

Baiskeli yake ilikuwa kuukuu, ya gia, yenye magurudumu manene. Nyumba yao ilikuwa chini, karibu na bandari ya zamani. Kutoka hapo hadi barabarani kuna mwinuko. Kazungu akiweka gia nyepesi, goti lilivumilia.

Kisha gia nyepesi ikakataa kuingia. Kazungu alisukuma kitufe kwenye usukani, lakini cheni ililia tu, ikabaki palepale. Siku nyingine iliruka yenyewe katikati ya mwinuko. Siku moja iliruka, pedeli ikamponyoka, wote wawili wakaanguka. Fadhiya alichubuka kiwiko.

"Si kitu, baba," alisema, huku akiyatafuta magongo yake.

Neno hilo lilimuuma Kazungu kuliko goti. Afadhali mtoto angelia.

Alijaribu kuitengeneza. Alimimina mafuta ya kupikia kwenye waya wa gia. Alichukua bisibisi akakaza skrubu alizoziona kule nyuma, akakaza tena. Baiskeli ikazidi kuwa nzito. Mwishowe Kazungu aliacha kuilaumu baiskeli, akajilaumu mwenyewe.

"Goti limekwisha," alimwambia mkewe. "Mimi si wa kumbeba mtu tena."

Mejumaa alikuwa mpishi hotelini na alitoka nyumbani alfajiri. Hakuweza kumpeleka mtoto. Tuktuk ya kila siku hawakuimudu.

"Sasa wasemaje?" aliuliza.

"Aende kwa mama, Kaloleni."

"Kule shule iko mbali kuliko hapa, Kazungu."

"Kule kuna watu wa kumtazama."

"Wamtazame akikaa?"

Kazungu alimpigia mama yake simu, wakapatana aje Jumamosi kumchukua mtoto. Mejumaa alikunja sare za shule akazitia begini, chini kabisa, ingawa alijua hazitavaliwa. Fadhiya aliyasikia yote kutoka nyuma ya pazia. Kila mtu alijifanya ana shughuli.

Kesho yake Kazungu aliikokota baiskeli hadi Ganjoni, kwa Awiti. Awiti alikuwa fundi wa baiskeli karibu na shule. Watu walimwita Mama Ken. Alikuwa na ulimi mkali, na alizoea kumwona Fadhiya akipita.

"Sabalkheri, Mama Ken."

"Sabalkheri, Baba Fadhiya. Mtoto yuko wapi?"

"Hasomi tena. Nimekuja kuuza hii. Toa vipuri utakavyo."

Awiti hakuuliza bei. Alichuchumaa nyuma ya baiskeli, akafumba jicho moja.

"Nani ameigonga?"

"Haijagongwa."

"Huiegemeza wapi?"

"Nje, kwenye baraza. Gia naziweka upande wa ukuta, watoto wasizichezee."

"Na mikokoteni hupita hapo?"

"Ya maji, kila siku. Kichochoro ni chembamba. Hujipenyeza hivyo hivyo."

"Ikijipenyeza, huisukuma baiskeli yako. Na gia zako zinabanwa kwenye jiwe. Ulizificha vizuri kweli, Baba Fadhiya."

Alimwita aje atazame. Nyuma ya baiskeli kuna mkono wa chuma unaoisogeza cheni. Mkono huo unatakiwa uning'inie wima. Wake ulikuwa umepinda kuelekea spoku za gurudumu.

"Kipande hiki kinachoushika ndicho kilichopinda," Awiti alisema. Alikinyosha kwa spana ndefu, polepole. "Kikipindwa mara nyingi hukatika. Usiache kipindwe tena."

Kisha aliuchomoa waya wa gia kutoka kwenye ala yake, ule mrija unaoufunika. Ulikuwa mwekundu kwa kutu na umenata.

"Hii ni chumvi ya bahari. Na hii?"

"Mafuta ya kupikia," Kazungu alisema kwa sauti ndogo.

"Yameshika vumbi yakaganda. Wewe wasukuma kitufe huku mbele, kule nyuma hakifiki kitu. Waya wa kutu haupakwi mafuta, hubadilishwa, pamoja na ala yake."

Alitia waya mpya na ala mpya. Alipofika kwenye skrubu, alizigusa kwa ncha ya bisibisi.

"Hizi umezikaza wewe?"

"Ndiyo."

"Hizi ni za mpaka. Zinaizuia cheni isipite meno na kuanguka. Ulivyokaza hii, cheni haiwezi kufika kwenye duara kubwa la meno. Na kwa nyuma, duara kubwa ndilo gia nyepesi."

Kazungu aliketi chini. "Kwa hiyo nilimfungia njia mwanangu mwenyewe."

"Ulifunga gia. Hukujua."

"Nami nikasema ni goti."

"Goti waulize madaktari. Lakini hata mtu mzima wa afya asingepanda mwinuko ule kwa gia nzito, na mtoto nyuma. Inuka, ushike bisibisi. Hii utaimaliza mwenyewe."

Kazungu alilegeza skrubu kidogo. Waliinua gurudumu, Awiti akazungusha pedeli kwa mkono. Kazungu alizungusha kinundu kinachokaza waya, kidogo kidogo, akisikiliza, mpaka cheni ikanyamaza katika kila gia.

"Badilisha gia kabla ya mwinuko, si katikati, ukiwa umekanyaga kwa nguvu," Awiti alisema. "Cheni ipanguse kwa kitambaa, uitie mafuta ya cheni, uyapanguse yanayozidi. Na gia zitazame njia. Watoto uwakemee tu."

Kazungu alirudi nyumbani bila kuamini. Alimketisha Fadhiya kwenye keria bila kumwambia kitu. Kabla ya mwinuko alisukuma kitufe. Cheni ilipanda kwenye duara kubwa. Walipanda polepole, goti likiuma, lakini walipanda.

"Baba, mbona haipigi kelele?"

Kazungu aliendelea kukanyaga. Alikuwa analia, na alishukuru kwamba mtoto aliuona mgongo wake tu.

Jumamosi bibi yake Fadhiya alifika kutoka Kaloleni, maana katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kumpigia simu. Alikuta baiskeli imeegemezwa barazani, gia zikitazama njia. Goti la Kazungu lilikuwa lilelile, na miguu ya Fadhiya ileile. Sare za shule zilikuwa kwenye kamba, zikidondosha maji.

"Begi la mtoto liko wapi, tuondoke?" bibi aliuliza.

Mejumaa alimwekea kiti. "Keti, mama, unywe chai," alisema. "Begi tumelitia viazi."