Nyama ya Kopo Hotelini kwa Asenath

Jumamosi moja ya mwaka 1978, saa saba mchana, mbwa wawili wakubwa waliingia katika hoteli ya Asenath, Kariobangi. Waliwapita wateja wote wakaenda kulialia mbele ya sufuria ya nyama. Mwenye mbwa, mama Mzungu aliyekuwa akisafiri nao kwa gari kutoka kwao Ulaya, aliwafuata mbio akiomba radhi. Hapo akaona makopo matupu kando ya jiko. Akaokota moja, akaligeuza, akacheka kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

"Hii jina ya mji yangu!" akasema, akionyesha maandishi yaliyogongwa chini ya kopo.

Akabandua karatasi yenye picha ya ng'ombe. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine: picha ya mbwa, ulimi nje. Kicheko kikamkauka.

"Hii chakula ya mbwa yangu. Iliibwa kwa gari, pale garejini."

Hakuna aliyetafuna tena. Nangila, muuza mitumba, alilitema tonge lake kiganjani, akalitazama lile rojo la kahawia, laini kama limekwisha kutafunwa na mwingine, likinuka maini yaliyolala.

"Na nimelamba mpaka vidole!" akasema, kisha akatapikia viatu vyake. Alipopata pumzi akapiga kelele, "Asenath, umetulisha cha mbwa! Leo hii hoteli tunaibomoa!"

Wanaume walikuwa wameshashika nguzo za hoteli Sajenti Mbithi wa polisi alipofika akifuata kelele.

"Atakayeng'oa hata msumari, leo analala kwangu kituoni," akasema. Kisha akamgeukia Asenath. "Mama, makopo ulitoa wapi?"

"Kwa Bedan, yule anayetembeza bidhaa. Tangu Jumatano. Afande, hoteli hii ndiyo inalea watoto wangu. Na hiyo nyama, mimi na wao ndio tulikula kwanza." Alijifuta ulimi kwa leso, akajifuta tena.

Mbithi alimkuta Bedan nyuma ya choo, ameinama akitapika, kamasi na machozi pamoja.

"Leo ulikula?"

"Sahani mbili, afande. Na mchuzi nikaongezewa, wee!"

"Nani alikupa makopo?"

"Niliapa kwa mama yangu sitamtaja."

Mbithi akanusa ile karatasi ya ng'ombe aliyokuja nayo. Gundi ya kuzibia tyubu za magurudumu. Akarudi ndani, akazitazama sahani. Zote zilikuwa na mafuta ya nyama isipokuwa moja, yenye githeri, mahindi na maharagwe matupu. Nyuma yake alikaa Gichuru, fundi wa magari, tumbo lake limetulia.

"Kitendawili," akasema Mbithi.

"Tega," wakaitika wachache, kwa mazoea tu.

"Asenath na Bedan walikula, kwa hivyo hawakujua. Sasa kuna mtu anayependa nyama, nyama ipo, naye hali. Ni nani?"

Asenath akageuka polepole. "Gichuru! Wewe hata mifupa huiachi. Lakini tangu Jumatano ni githeri tu."

"Ni jino, afande," Gichuru akasema. "Linaniuma vibaya."

"Jino linaloyaweza mahindi makavu linashindwa na nyama laini kama uji? Na gari la huyu mama, nani alilitengeneza?"

Gichuru akasukuma sahani. "Mimi. Nilidhani ni nyama ya kuliwa na watu, nikaitoa garini. Nikafungua moja, nikala, ndipo nikaona picha ya mbwa. Nikakasirika! Mbwa wanazungushwa dunia na katoni za nyama, na sisi je? Nikaokota karatasi za ng'ombe jalalani, nikazibandika, nikampa Bedan auze. Nyama ni nyama."

"Ulikasirika kwa ajili ya watu wa Kariobangi," Mbithi akasema, "ukawalisha hiyo. Halafu wewe ukaagiza githeri."

Nangila alimtemea mate miguuni.

Asenath alimwaga sufuria nje. Mbwa wakailamba ile nyama kwa raha, mikia ikicheza, watu wakigeuza nyuso na kufunika pua.

Gichuru alipofungwa pingu na kupelekwa, Asenath alisimama mlangoni.

"Kesho mtakuja?"

Nangila alikuwa akipangusa viatu kwa kipande cha gazeti.

"Nitakuja," akasema mwishowe. "Lakini buchari kununua nyama tunaenda wote wawili. Huyo ng'ombe nataka nimwone na mkia wake."