Nondo za Komeo

Pazia la chumba cha nyuma liliacha kupepea siku ileile nondo za madirisha zilipokwisha kuchomelewa. Aliyegundua ni mke wa Komeo, aliyekuwa akishonea nguo za watu chumbani humo. Tangu ahamie, kila alasiri pazia lile liliinuka mara moja, likaacha harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, kisha likatulia, kama mtu aliyepita bila kubisha hodi. Alikwisha kulizoea. Sasa lilikuwa limetuna kwa ndani, kana kwamba mtu amejibanza kati yake na dirisha, na halikusogea tena.

Mumewe alikuwa mtunza ghala. Majirani walimbandika jina la Komeo kwa kuwa hata chumvi aliifungia kabatini. Jirani wa ukuta wa pili alipoibiwa redio, Komeo hakupata usingizi mpaka kila dirisha lilipotiwa nondo. Mchomeleaji alikuwa na desturi yake: katika kila nyumba, dirisha moja la nyuma aliliwekea kimlango cha chuma chenye kufuli kwa ndani, watu wapate pa kutokea moto ukizuka. Komeo alikitazama kimlango kile kama anayetazama nyoka, akaamuru kizibwe. Fundi alipojaribu kumweleza, aliambiwa kazi yake ni kuchomelea, si kuhubiri. Akaziba.

Haukupita muda, binti yao mdogo akaanza kushinda kwenye dirisha lile. Hakuwa akicheza. Alishika nondo kwa mikono miwili na kulazimisha kichwa katikati yake mpaka ngozi ya masikio ikachubuka, na mama yake alipomvuta, alikutana na nguvu ambazo si za mtoto.

"Inauma, mwanangu?"

"Inauma, mama," mtoto alinong'ona. "Lakini anayenisukuma anataka kutoka."

Mganga aliletwa mchana kweupe. Alifika kizingitini, akanusa, akakataa kuingia. Kwa sauti ya chini alieleza kwamba mgeni yule hakuwa wa nyumba hii. Alikuwa mpita njia tu, na njia yake ilipita hapo kabla ya tofali la kwanza: huingia dirisha la mbele, hutokea la nyuma, na mlango wa watu haujui. Madirisha yalizibwa naye akiwa ndani.

"Jini hagusi chuma ila avae ngozi ya mtu," alisema. "Sasa anaijaribu ya mtoto. Kile kimlango kifunguliwe leo."

Komeo aliporudi kazini na kusimuliwa, alicheka mpaka akapaliwa.

"Bora jini mmoja ndani kuliko wezi kumi nje. Jini amewahi kuiba nini?"

"Baba, huyu ni mtoto wetu."

"Mchape. Ataliacha dirisha."

Mkewe hakubishana tena; sikio la kufa halisikii dawa. Alimbeba mtoto mgongoni ampeleke kwa dada yake, na mlangoni akamwambia mumewe kwamba wakishatoka wao, ngozi itakayobaki humo ni moja tu. Komeo akajibu kwamba yake ni ngumu. Alifunga mlango nyuma yao, na mke alilisikia komeo likiingia mahali pake.

Asubuhi alirudi na mchomeleaji na msumeno wake wa kukatia chuma, na yule jirani aliyeibiwa redio akawafuata ili asipitwe na habari. Walizunguka nyuma, kwa sababu hodi haikuitikiwa, na kwa sababu harufu iliyokuwa ikitoka huko haikuwa tena ya majivu bali ya nyama iliyoungua, na pazia lilikuwa likipepea, likitoka nje na kurudi, na kila lilipoinuka lilionyesha kidogo zaidi, mpaka wakaona kwamba kati ya nondo na nondo, pale ambapo fundi aliacha nafasi isiyopitisha paka, Komeo alikuwa ametoka nusu, mabega yamekunjwa kama kitambaa kilichopitishwa kwenye pete, kichwa kimekuwa chembamba kama kiatu kilichokanyagwa, mikono ingali imekishika chuma, na macho, Mungu atusitiri, yalikuwa yakipepesa.

Aliyemvaa alikwisha kwenda zake. Alilivua vazi akaliacha hapohapo.

Mke alisogeza sikio karibu na ile midomo.

"Hazijapinda?" Komeo aliuliza.

Alizikagua, kama mke anayetii. "Hata moja, baba."

Ndipo Komeo akakata roho.

Baada ya maziko, waombolezaji wakiwa bado uani, jirani alimvuta mchomeleaji kando, karibu na mahali mjane alipokaa.

"Fundi, na mimi nataka za namna ile. Umeona mwenyewe, hata moja haikupinda."

Mchomeleaji aliinamisha uso. Akamwuliza polepole kama dirisha la nyuma aliwekee kimlango.

Jirani aligeuka kuitazama nyumba yake, na mjane akaitazama pia. Redio mpya ilikuwa mezani, inaonekana wazi kutoka uani. Juu yake, ingawa hapakuwa na upepo, pazia liliinuka mara moja, likatulia. Mjane aliisikia ile harufu ya majivu, akafumbua kinywa ili aseme.

"Ziba," jirani akasema. "Ziba yote."