Abiria wa Kilo Thelathini na Nane

Jumanne ile gereji ya Abubakary, pale Nyasura, ilikuwa na magari mawili tu. Saa nne asubuhi jirani yake, Keraryo, aliingia na gari alilonunua wiki iliyopita. Mchana alitakiwa Musoma, hospitalini, kumchukua mkewe Flora na mtoto wao wa siku nne.

“Fundi, alamu ya mkanda inaliaga njia nzima, na kiti cha mbele hakina mtu. Mtoto atalalaje humo?”

Abubakary alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akafungua vipimo vya kiti.

Abiria: kilo 38.

Akaweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa na joto, kama mtu ametoka kunyanyuka. Na unyevu. Alipoondoa mkono, kitambaa kiling’ang’ania ngozi. Akanusa vidole. Vilinuka kinywa kisichosafishwa siku nyingi. Alijifuta kwenye suruali, mara mbili.

“Waya umelowa,” alisema. Akapiga magoti, akachomoa waya wa sensa, kile kifaa kinachopima uzito kitini.

Bado kilo 38.

“Usije ukaniambia kuna mtu,” Keraryo alisema.

Abubakary alikuwa mtu wa utani, hata akiogopa. Aliinamia kile kiti kitupu. “Bibi, shikamoo. Hamia nyuma basi, umpishe mama. Kuna mjukuu anakuja.”

Namba ikashuka. Ishirini. Tisa. Sifuri.

Alamu ikanyamaza.

“Wewe kiboko, fundi!” Keraryo alikuwa anaangalia taa ya mkanda. Hakuona sehemu ya nyuma ya gari ikididimia, taratibu, kama mtu anakaa.

Abubakary aliona. Alifungua mdomo. Keraryo akawasha gari, akaondoka.

Saa kumi walirudi. Walikuwa wanapita kwenda nyumbani. Mbele ya gereji gari likafunga breki katikati ya barabara. Flora alishuka mlango wa nyuma, mtoto mikononi.

“Anakabwa! Kaka, anakabwa!”

Midomo ya mtoto ilikuwa nyeusi. Abubakary akatia kidole. Kikazama kwenye kitu laini, chenye joto. Akavuta. Likatoka tonge la ugali na samaki. Limetafunwa. Linavuta ute wa njano, mrefu, haukatiki.

Mtoto akalia.

“Umemlisha nini?” Abubakary alinong’ona.

“Mimi? Ana siku nne huyu! Nimemlaza kitini hapo pembeni yangu, nikasinzia kidogo tu.”

Abubakary alitapika kwenye tairi. Keraryo alikuwa amemshika mkewe bega, akiangalia kiti cha nyuma.

Baadaye, walipokwenda zahanati kwa bodaboda, Abubakary alilifumua lile tonge kwa bisibisi, juu ya gazeti. Samaki alikuwa furu, kisamaki cha ziwani kinachosumbua hata watu wazima kwa miiba.

Alitafuta sana.

Ilikuwa imetolewa yote.