Mashangazi Wawili wa Emna

Mwezi wa tisa huku kwetu Korba, Tunisia, ni mwezi wa pilipili. Kila ukuta umetundikwa mitungo ya pilipili nyekundu zinazokauka. Kila mwanamke ana sindano na uzi, na mtaa mzima unapiga chafya.

Nyumba ya jirani yangu Bi Beya ndiyo iliyokuwa na kelele kuliko zote. Alikuwa na mabinti wawili, Wasila na Emna. Wasila ameolewa mtaa wa pili na ana mtoto mmoja wa kiume, lakini msimu wa pilipili anashinda kwa mama yake. Emna ndiye mdogo, naye amechumbiwa. Mume wa Bi Beya, Bwana Bashiri, ni fundi wa pampu za maji. Hana maneno mengi. Ukimsalimia anaitikia, basi.

Siku moja tunatunga pilipili, Wasila akanivuta pembeni. Akaniambia ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Ramadhani.

Nilikasirika, sikumficha. Nilimwambia uvimbe si kuku wa kufuga. Akasema alimweleza mama yake, na mama akamwambia ni maziwa yameganda, apake mafuta ya zeituni. Maziwa gani, na mtoto yuko darasa la kwanza? Kesho yake niliwapakia wote garini, mama, baba na binti, tukaenda hospitali Tunis.

Ilikuwa saratani. Wasila alikuwa na miaka thelathini na nne tu.

Daktari wake ni mwanamke, anaitwa Dora. Alituketisha wote akauliza swali moja kwa utaratibu kabisa.

"Katika ukoo wenu, upande wa mama au upande wa baba, kuna mwingine aliyeugua saratani?"

Bi Beya hakumngoja amalize.

"Hakuna. Kwetu ni safi."

Daktari akamgeukia Bwana Bashiri. Bwana Bashiri alikuwa anaangalia viatu vyake. Akatikisa kichwa, hakuna.

Nieleze hapo. Huku kwetu saratani haitajwi. Tunasema "ule ugonjwa", tena kwa kunong'ona. Nyumba ikijulikana kuwa na ule ugonjwa, wachumba hawabishi hodi tena. Kwa hiyo marehemu wetu wote wamekufa kwa moyo. Ukiwasikiliza watu wa Korba, utadhani hakuna mji duniani wenye mioyo mibovu kama huu.

Wasila alikatwa titi. Akapewa zile dawa kali, nywele zikanyonyoka zote. Wageni waliambiwa ana vidonda vya tumbo. Bi Beya alimfunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, na Emna akakatazwa kumsindikiza hospitali, wakwe wasije wakamwona huko. Hata hivyo Wasila alipona. Msimu uliofuata wa pilipili alirudi mkekani na sindano yake, nywele fupi kama za mvulana, akitucheka kwa chafya zetu. Tulifurahi sana, jamani. Tulidhani yamekwisha.

Mwaka uliofuata tumbo lake likaanza kujaa. Alidhani ni mimba, akawa anaona haya kuniambia. Haikuwa mimba. Saratani ilikuwa kwenye mifuko ya mayai ya uzazi, na ilikuwa imeshasambaa. Alikufa wakati wa mvua, na mwanawe alikuwa bado hajui kusoma vizuri.

Siku ya tatu ya msiba nyumba ilijaa. Majirani tulipika kuskusi, kwa sababu wafiwa hawawashi moto. Chumba cha wanawake kilikuwa na mazungumzo ya chini chini. Mmoja alisema ni jicho la hasidi, Wasila alikuwa mzuri mno. Mwingine akasema ni moyo. Mama mkwe mtarajiwa wa Emna alikuwepo, kaketi kwenye mto mzuri.

Bwana Bashiri akasimama mlangoni. Mwanamume haingii hapo, na yeye hajawahi. Tulivuta mitandio yetu. Alizungumza taratibu, akiwa ameshika fremu ya mlango.

"Si moyo. Dada zangu wawili walikufa hivihivi. Khira, titi. Zina, tumbo. Wote walikuwa wadogo kama mwanangu. Mama yetu alisema tuseme ni moyo, tukasema."

"Bashiri, watu wanasikia," alisema Bi Beya.

"Wasikie."

Mama mkwe aliweka kijiko chini. Sahani yake ilikuwa bado imejaa.

Jioni hiyo wageni walipoondoka, Bi Beya alimwambia mumewe maneno mazito. Alisema mtoto mmoja kazikwa na Mungu, na wa pili kazikwa na ulimi wa baba yake. Emna alikuwa jikoni akisikia yote. Akaja kwangu macho yamevimba. Aliniomba nimpeleke kwa yule daktari. Asubuhi yake Bwana Bashiri alitukuta mlangoni, keshavaa koti. Bi Beya naye akaja nyuma yetu, hasemi na mtu.

Daktari Dora alisikiliza habari za Khira na Zina mpaka mwisho. Kisha akatueleza polepole, nami naandika kama alivyosema, ili na wewe unayesoma uelewe.

Alisema ndani ya mwili wa kila mtu kuna maelekezo ya kuujenga na kuutengeneza mwili. Yanaitwa jeni. Nusu tunapewa na mama, nusu na baba. Mwili unaharibika kidogo kila siku, na zipo jeni ambazo kazi yake ni kurekebisha. Mtu akizaliwa na kasoro kwenye jeni kama hiyo, marekebisho hayafanyiki sawasawa, na saratani inapata nafasi.

"Mmejuaje?" aliuliza Emna.

"Kwa familia kama yenu. Watafiti walichukua damu za watu wa koo ambazo saratani inarudi rudi. Wakalinganisha wagonjwa na wazima, jeni kwa jeni, miaka mingi, mpaka wakaiona kasoro. Lakini wanahitaji watu waseme ukweli. Damu peke yake hainiambii shangazi yako alikufa kwa nini."

Akasema saratani nyingi hazirithiwi. Umri, sigara, pombe, unene na mambo mengine huchangia, na wengi huugua bila sababu kujulikana. Lakini ukoo ukiwa na wagonjwa wengi, tena wakiwa bado vijana, hapo ni lazima kupimwa. Akasema pia kwamba kurithi kasoro si kurithi ugonjwa. Hatari inakuwa kubwa kuliko ya wengine, lakini si wote wanaougua.

Bwana Bashiri alikunja kofia yake mikononi.

"Daktari, huu si ugonjwa wa wanawake? Mimi mwanamume. Ungepitaje kwangu?"

"Kasoro haichagui, baba. Mwanamume anaweza kuwa nayo, asiugue, akampa binti yake au mwanawe wa kiume. Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Na wanaume wengine huugua pia."

"Kwa hiyo ni mimi niliyempa Wasila."

"Ulimpa kitu ambacho nawe ulipewa. Hukuchagua."

Machozi yalimtoka wazi wazi, naye hakuyafuta.

Ndipo Bi Beya akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Ningesema ile siku, angekuwa hai?"

Daktari alisogeza kiti chake karibu naye. Namshukuru kwamba hakumdanganya.

"Sijui, mama. Ningejua habari za mashangazi wale, ningepima jeni zake. Ningemshauri tuitoe mifuko ya mayai kabla haijaugua. Huenda angekuwa hai. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

Bi Beya aliinuka, akatoka kwenda ukumbini. Nilimfuata. Alilia akiwa ameegemea ukuta, kilio cha mtu ambaye hajali tena nani anasikia.

Damu ya Bwana Bashiri ilipimwa kwanza. Kasoro ilikuwepo. Kisha ya Emna. Naye alikuwa nayo.

Mwaka ule, usiku wa ishirini na saba wa Ramadhani, kapu la zawadi ambalo mchumba huleta kila mwaka halikuja. Kwetu ndivyo mtu anavyojulishwa kwamba uchumba umevunjika. Hakuna anayekutukana, ni kapu tu halifiki. Emna alikaa sebuleni na kanzu yake mpya mpaka watu wakalala. Mimi huyo kijana nilishamwona hana uti wa mgongo, lakini Emna alimpenda, na sikuwa na la kumwambia.

Tangu hapo Emna hukaguliwa matiti kila mwaka, kwa picha za mashine ya sumaku na za eksirei. Daktari alimweleza pia kwamba wapo wanaochagua kukatwa matiti kabla hayajaugua, na kutolewa mifuko ya mayai wakifika umri fulani. Alisema uamuzi ni wake na asiharakishwe. Ukaguzi wa pili ulionyesha kitu kidogo sana, si zaidi ya punje ya dengu. Mkono usingekihisi kabisa. Kilikuwa saratani, kikatolewa kikiwa bado hakijaenda popote. Emna yuko hai. Anafanya kazi duka la dawa, na jirani akimwuliza kovu la nini, anataja jina la ugonjwa.

Bwana Bashiri hakutulia. Ana kaka yake, Mukhtari, mwenye mabinti watatu ambao hawajaolewa. Khira na Zina walikuwa dada zake pia. Akaenda kumweleza. Mukhtari hakumkaribisha hata kahawa.

"Umemzika wako," alimwambia, "na wa pili umemkosesha mume. Sasa umekuja kwa wangu?"

Akamfungia mlango. Bwana Bashiri alirudi tena sikukuu, akafungiwa tena. Mtaani watu walimcheka kwamba amekuwa mpiga mbiu wa saratani. Bi Beya, niliyemjua akifunga madirisha ili watu wasisikie, ndiye aliyekuwa akimwandalia koti aende tena.

Msimu wa pilipili uliopita niliwasindikiza Emna na wazazi wake hospitali kwa ukaguzi. Ukumbi ulikuwa na watu wengi. Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango wa Daktari Dora, alikaa Mukhtari. Mabinti zake watatu walikuwa pembeni yake, wamejipanga kimya. Mkubwa ameshika titi lake kwa juu ya mtandio, kama mtu aliyesahau mkono hapo.

Bwana Bashiri alisimama. Mukhtari alimwona, akaangalia sakafu. Kisha akasogea, benchi likapata nafasi ya mtu mmoja.

Bwana Bashiri alikaa. Walikaa bega kwa bega.

"Wasila," Mukhtari alisema mwishowe, "kwake ilianzaje?"

Tangu binti yule azikwe, hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kumwuliza. Bwana Bashiri akamgeukia kaka yake, akaanza kumsimulia. Hakupunguza sauti.