Nne Nukta Mbili

Saa sita kasoro dakika tisa mchana, simu ya Patasi ilitetemeka mfukoni.

"Maji yanaruhusiwa kwenda mjini saa sita kamili," mkuu wake wa idara ya usalama alisema. "Zuia."

Patasi alikata simu, akaruka ukuta wa mtambo wa maji. Mlinzi, mgeni ndani ya sare isiyomkaa, aligeuka akiwa amechelewa. Bastola ya Glock yenye kiziba sauti ilimmaliza.

Chumba cha pampu kilikuwa na mtu mmoja tu. Fundi mitambo, mume wa dada yake mdogo.

Hawakusalimiana.

Patasi alichomeka waya wa kompyuta yake kwenye chipu iliyofungwa ubavuni mwa tangi. Chipu hiyo ndiyo iliyoamuru pampu. Ndiyo pia iliyopima dawa ndani ya maji na kutuma kipimo ofisini kila sekunde, tarakimu moja baada ya nyingine.

Namba zilishuka kwenye skrini.

4.2

4.2

4.2

Kipimo cha kweli hupanda na kushuka kidogo. Hiki kilikuwa kimekufa ganzi. Kuna mtu aliyeiandikia chipu programu mpya, iseme maji ni salama huku tangi limetiwa sumu.

Patasi aliuliza namba ya siri ya kusimamisha pampu. Fundi alisema haijui. Wageni waliotia sumu walimtisha tu, naye ana familia. Lakini Patasi alikuwa amesoma barua zake zote. Hakutishwa na mtu. Aliahidiwa uraia ng'ambo, yeye peke yake.

Patasi alimvunja kidole gumba. Kisha akachota maji ya tangi kwa kikombe cha chai.

"Kunywa, shemeji."

"Shemeji, nina watoto."

"Shule yao ndiyo ya kwanza kwenye bomba hili. Ulijua."

Kikombe kilipogusa meno, fundi aliitoa namba huku akilia. Saba, moja, tisa, sifuri. Patasi aliziandika, zikapita kwenye waya. Pampu, iliyokuwa imeshaanza kunguruma, ikanyamaza.

Fundi alishusha pumzi, akaanza kumshukuru Mungu.

Patasi alimbana pua, akamnywesha chote.

Alipofika nje dada yake alimpigia. Mumewe hapokei simu, na chakula kinapoa.

"Kuleni tu," Patasi alimwambia. "Usimwekee."

Akapangusa mikono kwa leso, akatoka kwa lango kuu bila haraka.