Sindano ya Goti

Nilisukuma mlango wa chumba cha mazoezi... nikaganda!

Mume wangu Nassibu amepiga magoti mbele ya mdogo wangu, Nusaiba. Mkono mmoja kashika goti la Nusaiba, mwingine una sindano!

"Nassibu! Unafanya nini?"

"Punguza sauti. Kaumia kidogo tu."

Jamani, ngoja niwaeleze.

Mie naitwa Somoe, dansa wa muziki wa singeli, kule Keko, Dar. Nassibu ndiye kiongozi wa kundi letu, na Nusaiba naye anacheza humo. Mwaka jana goti langu lilivimba, daktari akaniambia nipumzike miezi sita, la sivyo sitatembea.

Nassibu akacheka.

"Ukipumzika, nani atakukumbuka?"

Akawa ananichoma sindano ya ganzi kabla ya kila shoo, hata kabla ya mazoezi. Jukwaani mguu siusikii kabisa! Nacheza huku nauchungulia, kama mguu wa mtu mwingine. Watu wanashangilia, mie naomba Mungu nisianguke.

Kuacha? Niende wapi? Kundi lake, nyumba yake. Hata mwili nilishamkabidhi.

Basi siku hiyo mlangoni nikamfokea Nassibu: "Toa hiyo sindano! Hajafika hata miaka ishirini!"

"Muulize mwenyewe nani kaitaka."

Nikamgeukia Nusaiba.

"Kakulazimisha?"

"Hapana, dada."

"Sasa?"

"Si wewe ulinifundisha? Nikisema naumia, unaniambia dansa halalamiki. Nilikuwaga nakuona unachomwa, unatabasamu. Nikajua ndo kazi yenyewe..."

Weee!

Siku zote nilijua aliyenifunga ni Nassibu. Kumbe mdogo wangu nimemuingiza mie mwenyewe, kwa mdomo wangu!

Nikampokonya ile sindano, nikaikanyaga. Nikamshika Nusaiba mkono.

"Ukitoka hapo, hurudi!" Nassibu akafoka.

"Sirudi."

Chini mafundi wa makochi wanagonga misumari, sie tunashuka ngazi moja moja. Ganzi ya asubuhi ilikuwa inaisha. Goti linawaka moto!

"Dada, unaumia?"

Nilitaka kusema hapana. Nilishazoea.

"Naumia sana, Nusaiba. Nishike."

Leo niko kwa mama, Chamazi, natembelea gongo. Kama nitacheza tena sijui. Ila mguu nausikia, hata unapouma, na nafurahi ni wangu.

Nyie mnaomeza maumivu ili muonekane majasiri, geukeni nyuma kidogo... kuna mtu anawatazama, anajifunza.